Kizibao Kinachokumbuka

Uji ulikuwa umeganda shingoni mwa kizibao, na uji huo ndio uliomnyima Inspekta Hasheem raha tangu asubuhi.

Alikitoa tena kwenye mfuko wa vielelezo, akakiweka mezani. Kizibao kidogo cha mtoto wa miaka mitano, cheupe kama maziwa, kimejaa vitundu kama sega la nyuki. Hakikuwa na mshono hata mmoja, kwa sababu hakikushonwa na fundi cherehani. Kilichapwa na mashine, tabaka juu ya tabaka, kwenye karakana moja ya Msasani, mtaa wa hapa hapa Tukuyu, ambako walitengeneza walichokiita roboti laini, yaani roboti isiyo na chuma wala mfupa. Kazi yake ilikuwa kumnyoosha mtoto aliyezaliwa na mgongo uliopinda. Ubavuni kilikuwa kimevunjika.

Mtoto aliyekivaa aliitwa Nurdin, nyumbani Nuru. Alizikwa jana alasiri. Daktari aliandika kwamba kifua kilibanwa mpaka pumzi ikakata, na kwamba hakuona alama za vidole vya mtu.

Mjomba wake Nurdin, Salimu, fundi wa karakana hiyo hiyo, alikaa upande wa pili wa meza na pingu mikononi.

"Kwa nini ulikifua?" Hasheem aliuliza.

"Sikukifua."

"Jirani alikuona bombani, nyuma ya nyumba ya dada yako. Bibi Tuntufye. Anasema ulikuwa unafua kizibao cha mtoto."

"Bibi ni mtu mzima, siwezi kumwita mwongo. Ila sikufua kitu, afande."

"Ulikuwepo bombani?"

Salimu alitazama pingu zake.

"Ulikamatwa unakimbia, kizibao kiko ndani ya begi. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Msasani. Karakana."

"Kufanya nini?"

Salimu alirudi kuzitazama pingu. Ndivyo alivyokuwa tangu alipokamatwa, anajibu maswali madogo na kuyaacha makubwa yapite juu ya kichwa chake. Hasheem aliukwaruza uji ule kwa ncha ya kalamu. Ulikuwa mkavu, umeshika. Mtu anayefua ili apoteze ushahidi angeanzia hapo hapo shingoni. Huyu alifua nini?

"Dada yako yuko nje," alisema. "Anataka kukuona."

Kichwa cha Salimu kilianguka kifuani. "Usimlete. Nakuomba, baba yangu. Nipelekeni mahakamani, kila mtakachosoma nitakubali. Usimlete tu hapa."

Kwenye benchi la nje Shamimu alikuwa amekaa, khanga kichwani na nyingine mabegani, macho mekundu. Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umeingia mpaka barazani.

"Amesema?" aliuliza.

"Bado."

"Niambie ukweli, Inspekta. Mdogo wangu ameniulia mwanangu?"

"Sijui, mama. Nisaidie kujua. Kizibao alikileta nani?"

"Yeye mwenyewe. Akaniambia, dada, Nuru atakaa kama watoto wa wenzio. Na kweli akakaa! Anakula uji amekaa mwenyewe, anajimwagia kifuani, mimi nacheka tu. Sijawahi kumfurahia mtu akichafua nguo."

"Na siku ile ulimwacha wapi?"

"Jikoni. Nimemfunika blanketi, jiko la mkaa nimelisogeza karibu. Si unaiona hii baridi? Nikaenda kufungua kibanda sokoni, nikasema narudi sasa hivi."

"Akiwa na kizibao?"

"Kizibao hakivuliwi mchana. Ndivyo tulivyoambiwa." Alimtazama. "Nilikosea?"

Mama gani wa Tukuyu angemwacha mtoto wake kwenye baridi ile? Hasheem alisema hajui, akaita gari.

*

Mtaa wa Bulyaga wote ulikuwa unachuruzika maji ya ukungu. Koplo Meshaki, mwenyeji wa huko huko Rungwe, aliendesha akiwa ametoa kichwa dirishani kwa sababu kioo cha mbele kilikuwa hakionyeshi kitu. Waliegesha kando ya nyumba ya Shamimu, iliyokuwa imefungwa, wakapita uani penye bomba, wakabisha kwa jirani.

Bibi Tuntufye alifungua akiwa na mwiko mkononi. Hakuwatazama usoni. Alitazama miguu yao, akawasalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, tata. Kalibu. Lakini fua fiatu kwansa."

Hasheem alitazama viatu vyake, kisha bomba la uani. "Nifue viatu, bibi? Vitakauka lini?"

"Nani amesema ufioshe? Fua! Fua, ufiache hapo mlangoni. Nimepiga deki mie."

Meshaki alikuwa ameshavivua vyake, amesimama na soksi, anabana kicheko. "Anasema vua, afande. Wazee wetu huku hata mvua ni mfua. Mimi nikiwa la kwanza, mwalimu kutoka pwani aliniambia, Meshaki, vua shati. Nikalichukua nikaenda nalo mtoni."

Hasheem hakucheka. Alibaki na mguu mmoja juu, mkono ukutani. Alikuwa mtu wa Tanga, hajamaliza mwezi tangu ahamishiwe huku. Siku aliyochukua maelezo ya bibi, bibi alisema *kisibao*, na yeye akaandika kizibao bila hata kufikiri, kwa sababu hakuna neno kisibao. Lakini fua ni neno. Lilipita kama lilivyo, likaandikwa kama lilivyo, na kijana mmoja akalala ndani kwa ajili yake.

"Bibi," alisema polepole, "juzi Salimu alikuwa anafanya nini pale bombani?"

"Si nilikwambia? Anafua kisibao cha mtoto."

"Anakivua. Mwilini."

"Kwani kisibao kinafuliwa wapi, tata? Mguuni?"

"Na mtoto alikuwa wapi?"

"Mikononi mwake! Amempakata, amefungua bomba, maji yanawamwagikia wote wawili, naye anafuta, anafuta..."

"Anafuta au anavuta?"

"Anafuta!" Bibi alibana mwiko kwapani, akakamata ncha ya khanga yake kwa mikono miwili akaikokota kama anayeng'oa kisiki. "Hifi! Analia, anaita, Nulu, Nulu. Kikalia ka! Kikafunjika. Mimi nikasema huyu anamwogesa mtoto mtundu, ya watu siyaingilii."

"Hukuniambia kama mtoto alikuwepo."

"Hukuulisa. Uliandika, ukafunika kalamu, ukaenda sako." Akamnyooshea mwiko. "Sasa unaingia au unanijasia balidi ndani?"

Hasheem alishageuka, anavaa kiatu akitembea.

*

"Hukufua," alimwambia Salimu. "Ulivua."

Hakukaa chini. Aliweka kizibao mezani, ule upande uliovunjika ukimtazama kijana.

"Ulimkuta jikoni kimembana. Ukambeba mpaka bombani, ukavuta mpaka kikavunjika. Ulikuwa unamwokoa. Kwa nini unakubali kunyongwa?"

Salimu aliyatoa maneno kama mtu anayetapika.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemfungia. Afande, hiki kitu nakijua. Mashine inakichapa kikiwa kidogo, cha kubana. Halafu tunakipasha moto, kinalainika, tunakitanua kiwe saizi ya mtoto, tunakiacha kipoe. Lakini hakisahau. Kinakumbuka lile umbo la kwanza. Kikipata moto tena kinalirudia. Betri inakipa moto kidogo kidogo, kinamnyanyua mtoto mgongo, halafu kinapoa kinamshikilia hapo. Moto unakisogeza, baridi inakifunga. Nawafundisha wengine hivyo. Nina miaka miwili nafundisha hivyo! Na siku ile nimefika jikoni, nimefunua blanketi, nimemwona, nikakimbia bombani nikamfungulia maji ya baridi."

"Kikawa kigumu."

"Kama mfupa. Juu yake. Nadhani alikuwa bado ana pumzi."

Nje, sauti ya Shamimu ilikuwa inamuuliza askari wa zamu kitu. Hasheem alifunga mlango.

"Jiko la mkaa na blanketi. Moto wake unatosha kukiamsha?"

"Hautakiwi kutosha! Uzi wa plastiki tunaochapia vizibao hauamki mpaka betri. Ndiyo maana nilikuwa nakimbilia karakana, nikamshike Venance shati anionyeshe ametumia uzi gani. Yeye ndiye mhandisi, yeye ndiye anayechapa."

"Vizibao vimetoka vingapi?"

"Hiki na kingine."

Hasheem alitoa simu mfukoni.

"Kingine kiko kwa nani, Salimu?"

"Mama mmoja wa kijiji cha Kisiba. Anaitwa Atupakisye. Mwanawe anaitwa Jairo, ana mgongo kama wa Nuru. Lakini kile Venance aliniapia ni uzi mzuri. Alikipeleka mwenyewe. Nyumba anaijua yeye."

"Namba ya simu unayo?"

Alikuwa nayo kichwani. Hasheem akapiga. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

"Simama," alimwambia Salimu. "Unakwenda na sisi."

*

Karakana ilikuwa na joto zuri na harufu ya plastiki. Printa mbili zilikuwa zinafanya kazi, kila moja na sindano yake inayokwenda na kurudi ikidondosha uzi ulioyeyuka. Katikati ya meza palikuwa na mkono mweupe wa vidole vitano vinene, umeshika parachichi. Mkono huo ndio ulioifanya karakana ijulikane. Ulikuwa unachuma maparachichi bila kuyachubua. Wageni walikuja mpaka kutoka Dar kupiga nao picha.

Na kweli, mkono unaoshika parachichi bila kulichubua, nani ataukatalia kumshika mtoto? Mzazi humkagua mbwa meno. Godoro, hakuna anayelikagua.

Venance alikuwa anakunywa chai. Alimwona Salimu na pingu mlangoni, akaweka kikombe.

"Inspekta, pole na kazi. Nimeshaandika maelezo yangu."

"Nataka nyumba ya Atupakisye wa Kisiba."

"Ya nini?"

"Kile kizibao kivuliwe."

"Hapana, hapana." Venance alitabasamu kidogo, kama mwalimu. "Huyu kijana kafanya alichofanya, sasa anataka kuangusha lawama kwenye mradi. Kile kizibao ni salama kabisa. Mkiingia na gari la polisi kwenye nyumba ya mteja, kesho Rungwe nzima inasema roboti zetu zinaua."

Mezani, karibu na ule mkono, palikuwa na kidole kimoja cha akiba. Hasheem alikichukua. Kilikuwa kimenyooka, kigumu. Akakitumbukiza kwenye kikombe cha Venance.

Kidole kikajikunja kama jongoo aliyeguswa.

"Chai yako ni ya moto?"

"Imepoa poa." Venance alikohoa. "Lakini hicho ni cha mkono wa maparachichi. Ule uzi ni mwepesi kuamka, kwa ajili ya betri ndogo shambani. Vizibao tunatumia uzi mwingine."

"Upi?"

"Ule pale." Alinyoosha kidole kwenye rafu, penye bunda la uzi mweupe kwenye gurudumu lake.

"Cha Kisiba ulichapa kwa ule?"

"Kwa ule ule."

Hasheem alilishusha bunda. Aliligeuza upande mmoja, akaligeuza wa pili. Alipitisha ukucha kuzunguka ukingo wote. Kisha akaliweka mbele ya Venance.

"Nailoni yake haijafunguliwa."

Venance alilitazama.

"Gundi iko kama ilivyotoka kiwandani. Uzi uliupitisha wapi, mhandisi?"

"Kulikuwa na bunda jingine kabla ya..."

"Magurudumu matupu unayatundika ukutani. Nayaona yote yana kibandiko cha parachichi. Nionyeshe moja la vizibao."

Printa ziliendelea kwenda na kurudi. Venance alivua miwani, akaivaa tena.

"Wafadhili walikuwa wanakuja," alisema. "Walitaka kuona mtoto aliyekaa. Si picha, mtoto. Uzi wenyewe umefika wiki hii. Nilijua nitakuja kuvibadilisha, Inspekta, wallahi si kwamba niliacha. Nilisema wakishaondoka tu..."

"Nurdin ulimbadilishia?"

Salimu hakupiga kelele. Alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo, "Yule mama anakanda."

"Nini?"

"Mama Jairo. Siku tunamtanulia mtoto kizibao, nilimwambia asimkande mgongo akiwa nacho. Alinicheka. Akasema mgongo usipokandwa kwa maji moto haunyooki, mwanangu, wewe hujazaa." Akamgeukia mhandisi. "Venance, ulimkataza tena ulipokipeleka?"

Venance alisogeza kikombe chake.

"Ulimkataza?"

"Alisema atamkanda taratibu," Venance alisema. "Niliona ni mambo ya akina mama."

Hasheem alimshika mkono juu ya kiwiko. "Mbele. Kaa mbele uonyeshe njia."

*

Meshaki hakuwahi kuendesha vile, na barabara ile haikuwahi kuendeshwa vile. Waliteremka kutoka kwenye ukungu, migomba ikiwapiga ubavuni, gari likiteleza kwenye tope na kujirudi. Hasheem alikuwa na simu sikioni. Iliita, ikakata. Iliita, ikakata. Mara moja ikapokelewa. Ilikuwa sauti ya mtoto mdogo, ikasema "Haloo, mama yuko nje," ikacheka, ikakata.

"Piga tena!" Salimu alisema.

Haikupatikana tena.

"Kulia," Venance alisema. "Pale penye mti uliokatwa. Hapana. Ule mwingine. Samahani, nilikuja mara moja tu."

"Kumbuka!" Meshaki alimfokea. "Mbona plastiki inakumbuka?"

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, peke yake kati ya migomba. Waliona moshi kwanza. Mama mwenye mwili mwembamba alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, sufuria inafuka mvuke pembeni yake, kitambaa mkononi, na mtoto amelala kifudifudi mapajani mwake. Juu ya mgongo wa mtoto kizibao cheupe kilikuwa kinang'aa kwa maji.

Alipomwona Venance, uso wake ulifunguka.

"Karibuni! Mhandisi, karibu, umekuja wakati mzuri! Njoo uone mwenyewe. Kinafanya kazi! Tazama kinavyomkamata. Nikiweka tu maji moto kinamkaza vizuri, mpaka mgongo unanyooka naona kwa macho."

Mtoto alikuwa amefungua mdomo. Hakuna sauti iliyokuwa inatoka.

"Mgeuze!" Hasheem alipiga kelele. "Mama, mgeuze!"

Alimgeuza huku bado anatabasamu. Akaona midomo. Ilikuwa imekuwa rangi ya zambarau.

Sauti aliyoitoa Atupakisye iliwatoa watu kwenye migomba. Bibi mmoja, mama mkwe wake, alitoka ndani na ndoo ya maji kichwani, akaishusha, akainyanyua kwa mikono miwili kuja kummwagia mtoto.

"Baridi hapana!" Salimu alimkinga kwa mwili wake, maji yakammwagikia yeye. "Mama, maji baridi hapana! Kitafunga! Afande, nifungue mikono!"

Meshaki alisita. "Afande, huyu ni mtuhumiwa wa mauaji."

"Ufunguo!"

Pingu zilitoka. Salimu alipiga magoti, akachovya kitambaa ndani ya sufuria mpaka kwenye kiwiko, akakitoa kinafuka, akakilaza ubavuni mwa kizibao.

Kizibao kilijikaza. Wote walikiona. Kilijivuta kama ngumi, na miguu ya Jairo ikatupwa mara moja ikatulia.

"Unamuua!" Atupakisye alimrukia, akampiga kichwani, mgongoni, akamng'ang'ania shati. "Unaniulia mtoto! Mtoeni huyu!"

"Kinakaza kwanza halafu kinalainika," Salimu alisema, meno yameumana. Hakukinga hata pigo moja la mama yule. "Kinakaza kwanza. Kinakaza kwanza. Kisu, afande."

Hasheem alipata kisu cha kumenyea ndizi karibu na moto. Salimu alikuwa ameingiza vidole vyake vinne kati ya kizibao na mbavu, ngozi ya vidole imekuwa nyekundu kwa maji, anavuta nje. Plastiki ilianza kutanuka. Ikawa kama ulimi. Hasheem alipitisha kisu pale pale kwenye vidole vya Salimu, akakata kuelekea juu, akakata kidole pamoja na plastiki, Salimu hakusema kitu, akakata tena mpaka shingoni.

Kizibao kilifunguka kama ganda.

Jairo alilala kwenye tope, kifua wazi, alama za vitundu zimemchora mwili mzima. Hakusogea. Mama mkwe alianza kuomba kwa Kinyakyusa. Salimu aliinama akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, akapuliza. Akasubiri. Akapuliza. Venance alikuwa amesimama kando ya gari, mikono imeshika mlango.

"Nuru," Salimu alisema. "Nuru, pumua."

Meshaki alifungua mdomo kumrekebisha jina. Hasheem akamshika bega.

Salimu akapuliza tena. Kifua kile kidogo kilikataa, kikakataa, kisha kikaruka. Mtoto akakohoa. Akavuta hewa kwa mlio kama wa mlango mbovu, akaitoa ikiwa kilio.

Atupakisye alianguka chini karibu naye.

*

Walimfunika Jairo kwa koti la Meshaki. Alikuwa analia kwa hasira sasa, kilio kizuri cha mtoto mwenye mapafu. Gari lilikuwa limegeuzwa kumpeleka hospitali. Venance alikaa nyuma, pingu zilizokuwa za Salimu ziko mikononi mwake. Salimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kidole kimefungwa kwa kipande cha khanga ya yule bibi, anatazama chini.

Hasheem alikusanya vipande vya kizibao kwenye mfuko wa vielelezo. Kimoja, kikubwa, kile cha mgongo, kilikuwa mikononi mwa Atupakisye. Kilikuwa kimeshapoa. Alikuwa anakipangusa tope kwa ncha ya gauni.

"Mama, naomba hicho."

Hakukitoa. "Mnakwenda kukitengeneza?"

"Hapana. Ni kielelezo. Kitakwenda mahakamani."

"Halafu kinarudi?"

"Hakirudi, mama. Kilitaka kumuua."

Alimtazama mwanawe. Meshaki alikuwa amembeba, na mgongo wa mtoto ulikuwa umeinama juu ya mkono wake kama zamani, kichwa kimelala pembeni.

"Juzi alikaa," Atupakisye alisema. "Hapo, kwenye mkeka. Hajashikwa na mtu. Baba yake alikwenda kuwaita majirani waje kuona. Akala ndizi kwa mkono wake, afande. Ndizi nzima."

"Najua, mama."

"Hujui."

Hasheem alishika upande mmoja wa kile kipande. Upande wa pili ulikuwa bado uko kwa Atupakisye, na vidole vyake vilikuwa vimepita kwenye vitundu. Hasheem hakuvuta. Mama yule alisogea karibu, akashusha sauti ili mama mkwe asisikie.

"Kishoneni tu, baba yangu," alisema. "Simkandi tena."